Gesi ya Mwaka Kesho, Mkaa wa Leo

Polikarpo: Haloo, nani tena?

Luciana: Haloo? Haloo?

Polikarpo: Nakusikia. Kama ni mambo ya mitungi ya gesi, kaka, nilishakwambia usinipigie kabla ya kikao. Wajumbe wakisikia tunaongea pembeni watasema nimehongwa. Niache kidogo, bwana.

Luciana: Kaka yako nani?

Polikarpo: Nani mwenzangu?

Luciana: Mama yake Noela.

Polikarpo: Eeh! Mama! Shikamoo mama. Samahani sana, namba ngeni hii, nikajua ni yule bwana wa— shikamoo mama.

Luciana: Marahaba. Umeniita kaka.

Polikarpo: Nisamehe, mama. Namba yako sina.

Luciana: Utakuwa nayo wapi, na tangu umuoe mwanangu hatujawahi kupigiana? Salamu zinapita kwa Noela. Mchele unapita kwa Noela. Hata siku ile baiskeli yako iliponikanyaga mguu pale senta, pole ulimtuma Noela aje kunipa. Mie nimekaa chini nashika kidole, wewe umegeukia ukutani.

Polikarpo: Si ndiyo heshima tuliyoikuta, mama. Mkwe ni mkwe.

Luciana: Naijua. Wazee wangenisikia leo nakupigia wangenishika masikio. Lakini nimeiweka kando kidogo hiyo heshima, nitaiokota baadaye. Hilari kanipigia simu.

Polikarpo: Hilari mjumbe?

Luciana: Kuna Hilari mwingine kwenye kamati yenu ya chakula? Kanipigia asubuhi, nikiwa sijanawa hata uso. Ananiambia, dada Luciana, huyo mkweo mwenyekiti anakupiga chini. Kila tukikaa, yeye ni gesi, gesi, gesi. Ana makaratasi. Ana mistari ya kupanda na kushuka. Nikamwambia, Hilari, umekunywa nini? Polikarpo yule ninayemjua? Akaniambia, huyo huyo.

Polikarpo: Mama, si kukupiga chini—

Luciana: Ni kunifanyaje?

Polikarpo: Ni— haloo? Mama, unakatika. Kuna kelele.

Luciana: Ni mashine ya Teofili, anakoboa. Subiri nipande juu. [mkwaruzo] Huku chini mtandao haushiki, lazima nisimame juu ya lundo la pumba. Nateleza… haya. Unanisikia?

Polikarpo: Sasa nakusikia.

Luciana: Basi niambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Serikali imekataza kuni kwenye majiko makubwa. Sawa. Shule ya bweni Idete inatafuta cha kupikia. Sawa. Sisi wanawake wa Michenga tuna mkaa wa pumba, tunautengeneza kwa mikono yetu, hatukati mti hata mmoja. Mkaujaribu. Noela ndiye mpishi, ndiye aliyeupikia, kaniambia unawaka vizuri. Sasa leo mnapiga kura, wewe unataka gesi. Kwa nini?

Polikarpo: Ni hesabu tu, mama.

Luciana: Hesabu gani?

Polikarpo: Nimewawekea wajumbe makadirio ya miaka mitano. Mkaa wa miti unapanda kila msimu, vibali vinabana. Huo tumeuondoa. Umeme upo, lakini sufuria zetu mtu mzima anaingia akakaa, jiko la kuzimudu hatuliwezi, na umeme ukikatika saa sita watoto wale nini? Kwa hiyo inabaki gesi na pumba. Sasa gesi, ukiangalia mbele—

Luciana: Mbele wapi?

Polikarpo: Miaka inayokuja.

Luciana: Umeiona wewe?

Polikarpo: Ni makadirio, mama.

Luciana: Makadirio. Mganga akiniambia ya miaka mitano mbele mnamwita tapeli, wewe ukisema ni makadirio.

Polikarpo: [anacheka kidogo] Mama jamani.

Luciana: Usicheke. Mimi sicheki.

Polikarpo: Samahani. Nilichosema ni kwamba wateja wakizidi, bei ya gesi itateremka. Wauzaji wataleta ghala mpaka Ifakara, pengine mpaka huku kwetu. Halafu kuna gesi yetu wenyewe, ile ya Kusini, inakuja kwa bomba. Bomba likifika Morogoro—

Luciana: Hiyo ya bomba ndiyo wanayotia kwenye mitungi?

Polikarpo: Hapana. Ya mitungi inaletwa na meli, kutoka nje.

Luciana: Na bomba limefika Morogoro?

Polikarpo: Bado.

Luciana: Litafika lini?

Polikarpo: Wanasema—

Luciana: Wanasema! Kwa hiyo unawauzia wajumbe gesi ya meli kwa bei ya bomba ambalo halijafika. Wewe mwalimu wewe!

Polikarpo: Mama, ngoja—

Luciana: Meli ikichelewa huko ilikotoka? Dola ikipanda? Na masika haya, lori la mitungi litapita wapi? Juzi basi limelala njiani, abiria wametembea na mizigo kichwani. Mtungi utabebwa kichwani?

Polikarpo: Hilo nililisema kwenye kikao. Sikuficha.

Luciana: Ulisema, halafu ukasema gesi. Sisi pumba zipo hapa hapa, nimezikanyaga. Hazisubiri meli.

Polikarpo: Sawa. Na mimi nikuulize, mama, kwa heshima zote. Hizo pumba mnazizoa bure, sivyo?

Luciana: Bure.

Polikarpo: Teofili akiona gari la shule linakuja kila mwezi kubeba mkaa, ataziacha bure?

Luciana: Teofili ni mtu wetu. Tumesali naye miaka yote.

Polikarpo: Wachoma matofali hawajamwendea wazinunue?

Luciana: [kimya]

Polikarpo: Mama? Umekatika?

Luciana: Sijakatika. Jana ameweka kamba.

Polikarpo: Kamba ya nini?

Luciana: Kuzunguka lundo. Anasema ni kwa ajili ya kuku.

Polikarpo: Kuku?

Luciana: Wanachakura, wanatawanya pumba.

Polikarpo: Mama, kuku anazuiwa na kamba?

Luciana: Nyamaza, Polikarpo.

Polikarpo: Umenitaja jina.

Luciana: Nimekutaja, ndiyo. Mkwe hatajwi jina, najua. Umenichokoza mpaka limetoka lenyewe. Haya, Teofili atauza pumba. Auze! Itapanda, itashuka, lakini tutabishana naye hapa hapa uso kwa uso, atapunguza. Huyo mwenye meli nitabishana naye wapi? Namjua jina? Nitamkuta kanisani?

Polikarpo: Hapo sikubishii.

Luciana: Basi kwa nini? Maana hesabu yako haisimami, na wewe mwenyewe unajua haisimami, nakusikia kwenye sauti. Unaongea kama mtoto aliyetumwa. Amekupa nini huyo bwana wa mitungi?

Polikarpo: Hajanipa kitu!

Luciana: Jiko? Kakupa jiko la kioo, la kubonyeza?

Polikarpo: Haki ya Mungu, mama, sijapokea hata kiberiti. Niulize chochote, lakini hilo usiniwekee.

Luciana: Sasa ndio unanichanganya zaidi. Ungekuwa umehongwa ningekuelewa. Ningekutukana, lakini ningekuelewa. [mkwaruzo] Sikiliza, baba. Nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata Noela. Msimu huu hatukulima.

Polikarpo: Hamkulima?

Luciana: Kikundi kizima. Hakuna aliyekodi jaruba hata moja. Wakati wenzetu wanapandikiza, sisi tulikuwa tunachoma pumba kwenye mapipa na kukoroga uji wa muhogo wa kugandishia mkaa. Mimi ndiye niliyesema. Niliwaambia, shule itachukua, mkwe wangu ni mwenyekiti na mwanangu ndiye mpishi, tutakosaje? Mbuke mumewe alimkatalia, akamwambia sisi Wasukuma tumekuja huku kulima na kufuga, si kuchezea masizi. Akaja hivyo hivyo, kwa kuniamini mimi. Ndama wake yupo mnadani saa hizi, ili watoto wale. Ukipiga kura yako ya gesi leo, mavuno yakija sisi tutakuwa vibarua wa kuvunia watu. Mie na hiki kiuno changu.

Polikarpo: Sikujua, mama.

Luciana: Ungejuaje, wakati hatuongei?

Polikarpo: Kweli.

Luciana: Basi sasa umejua. Mpe Noela simu.

Polikarpo: Noela?

Luciana: Mkeo. Nipe mwanangu nimsikie. Yeye ndiye kashika moto, aniambie mbele yako kama mkaa wetu una kasoro.

Polikarpo: Yuko na kazi kidogo, mama.

Luciana: Kazi gani?

Polikarpo: Yuko jikoni. Leo kabla ya kura wajumbe wanapita kuangalia. Wauone mkaa ukiwaka.

Luciana: Hilari kasema kikao saa tano. Saa hizi hata saa nne haijafika.

Polikarpo: Ameanza mapema.

Luciana: Kwa nini aanze mapema?

Polikarpo: Ili… ukolee.

Luciana: Mkaa unaokolea saa nzima ni mkaa au gogo?

Polikarpo: Mama, acha niende, kengele inakaribia—

Luciana: Nani anakohoa?

Polikarpo: Wapi?

Luciana: Hapo ulipo. Nimemsikia.

Polikarpo: Mwanafunzi. Wana mafua wote, si unajua mvua hizi.

Luciana: Mwanafunzi.

Polikarpo: Ndiyo, mama.

Luciana: Sogeza simu huko.

Polikarpo: Mama—

Luciana: Isogeze! [mkwaruzo, kikohozi kwa mbali, kinaendelea] Huyo si mwanafunzi. Huyo nimemlea. Nilimbeba mgongoni na kifua hicho hicho mpaka hospitali, mvua inanyesha. Unataka kuniambia simjui akikohoa? Tangu lini?

Polikarpo: Mama, niliapa sitasema.

Luciana: Uliapa kwa nani?

Polikarpo: Kwake. Alinishikisha mkono.

Luciana: Polikarpo, tangu lini?

Polikarpo: Tangu majaribio. Tangu mlipoleta viroba vya kwanza.

Luciana: Viroba vyetu.

Polikarpo: Haukuiva, mama. Ukiuvunja, katikati bado ni pumba. Na mvua hizi haukukauka. Ukiwashwa unatoa moshi mweupe, mzito, mpaka sufuria huioni. Baadaye unakaa vizuri kabisa, makaa mekundu, hauna neno. Lakini ule moshi wa mwanzo… usiku halali. Anakaa kitandani ameshika kifua.

Luciana: Aliniambia unawaka vizuri. Nilimuuliza mara mbili.

Polikarpo: Alisema mama ameamka na wenzake alfajiri wiki nzima kuutengeneza. Alisema hawezi kuwa yeye wa kukuvunja moyo.

Luciana: Na wewe?

Polikarpo: Mimi nitakwambiaje? Mkwe aje amwambie mama mkwe, mkaa wako unamuumiza mwanao? Nitaanzia wapi? Hata pole ya mguu nilituma mtu. Nikaona nitafute njia nyingine. Nikasema nikiwapa wajumbe hesabu za gesi, watachagua gesi, itaisha kimyakimya, wewe utailaumu bei.

Luciana: Kumbe ndiyo hizo hesabu.

Polikarpo: Ndiyo hizo.

Luciana: Mistari ya kupanda na kushuka.

Polikarpo: Mama, sijui gesi itakuwa bei gani mwaka kesho. Hakuna anayejua. Inaweza kupanda tukajuta wote. Nilitaka tu atoke kwenye ule moshi.

Luciana: Ungenitamkia neno moja. Moshi! Neno moja tu, ningekuelewa. Unaniletea meli, unaniletea dola, unaniletea bomba la Morogoro! Heshima gani hii, baba? Heshima ya kuniacha nimuue mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe, halafu mnaniambia unawaka vizuri?

Polikarpo: Nisamehe, mama.

Luciana: Sitaki nisamehe! Simu imelia. Dakika zangu zinaisha. Anafanya nini sasa hivi humo?

Polikarpo: Ndiyo anauwasha.

Luciana: Peke yake?

Polikarpo: Wenzake amewatoa. Aliuanza mapema ili moshi uishe kabla wajumbe hawajafika.

Luciana: Madirisha yako wazi?

Polikarpo: Hapana.

Luciana: Hapana?

Polikarpo: Ameyafunga. Na mlango. Amesema moshi ukitoka nje wajumbe watauona toka getini. Anataka uishie humo humo, wakija wakute makaa mekundu tu. Wakupigie kura wewe.

Luciana: Na yeye yumo ndani.

Polikarpo: Yumo. Anapepea.

Luciana: Mama yangu wee. Fungua.

Polikarpo: Mama, Hilari na wenzake wamewahi, ndio hao wanaegesha baiskeli. Nikifungua watauona wote—

Luciana: Fungua madirisha!

Polikarpo: Na kina Mbuke? Si umesema hamkulima?

Luciana: Kina Mbuke nitawaambia mimi. Nitasimama hapa juu ya pumba niwaambie, watanitukana, nitatukanwa. Hilo ni langu. Fungua!

Polikarpo: Nafungua. [vishindo, mlango wa bati, kikohozi karibu sana] Noela! Noela, toka nje. Toka, mama yako kasema… Hapana, si mimi, sijasema kitu, kakusikia mwenyewe… Mama, hataki. Anasema nikwambie unawaka vizuri.

Luciana: Mpe simu!

Polikarpo: Anakataa kushika. Nimefungua dirisha, amelifunga tena.

Luciana: Muwekee sikioni. Mshike kichwa umuwekee sikioni! Noela? Noela, ni mimi. Acha kupepea. Acha huo mkaa, umwagie maji. Waache wauone moshi, nasema waache wauone. Nitalima mwakani, mwanangu, tutalima. Unanisikia? Fungua dirisha, fungua uvute hew—

Polikarpo: Mama? Haloo? Mama, umekatika. Amekusikia, mama. Amefungua. Haloo? Mama, amefungua mwenyewe.